Nimeshauriwa nimwandikie Jaji Mkuu afute hukumu ya mirathi ya babu. Inawezekana?

Mjukuu wa Pili:

Habari zenu wakuu. Naomba mwenye uelewa wa mambo ya mahakama anisaidie, maana nyumbani hatulali.

Babu alifariki akaacha nyumba ya vyumba vinne na shamba dogo. Baba mdogo aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Alipoanza kugawa, bibi akabakiziwa chumba kimoja cha uani, na shangazi zangu wawili hawakupata kitu. Bibi akapinga Mahakama ya Mwanzo. Hukumu imesomwa leo ni siku ya 16, na baba mdogo ameshinda. Nimekwenda masjala mara tatu kuomba nakala ya hukumu. Mara jalada liko kwa hakimu, mara mchapaji hayupo, mara njoo Jumatatu.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, ameniambia niachane na masjala, nimwandikie Jaji Mkuu moja kwa moja aifute ile hukumu. Mimi nakumbuka tarehe 19 Machi 2021, tulikuwa sebuleni kwa bibi tukitazama televisheni, Rais Samia ameshika Kurani na kitambaa chake chekundu, Jaji Mkuu Ibrahim Juma amesimama mbele yake anamwapisha. Nikajiambia, huyu mtu asipotamka yale maneno hakuna Rais. Sasa atashindwaje kufuta karatasi ya hakimu mmoja? Najua tangu Juni 2025 Jaji Mkuu ni George Masaju, lakini kiti ni kilekile.

Barua nimeshaiandika, kurasa nne. Niitume?

Kipanga77:

Tuma leo leo. Jaji Mkuu ndiye bosi wa mahakimu wote nchi nzima, akipiga simu moja tu hukumu inageuka. Weka nakala kwa Waziri wa Katiba na Sheria na kwa waandishi wa habari. Bongo usipopiga kelele hupati haki.

Karani Mstaafu:

Mjukuu wa Pili, pole kwa msiba na pole zaidi kwa bibi. Mimi nimekuwa karani wa mahakama kuanzia 1984 hadi nilipostaafu 2018, na miaka mingi kati ya hiyo nilikuwa Mahakama za Mwanzo. Nimetumika chini ya Majaji Wakuu watano: Nyalali, Samatta, Ramadhani, Chande Othman na Juma. Kipanga77, naomba uniwie radhi, nitakupinga, kwa sababu ushauri wako unaweza kumpotezea huyu kijana siku 14 alizobakiwa nazo.

Nianze na hizo siku. Kukata rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni ndani ya siku 30 tangu uamuzi ulipotolewa. Barua kwa Jaji Mkuu haisimamishi kuhesabiwa kwa siku hizo. Inaweza kufika, ikapokelewa vizuri, ikajibiwa kwa heshima zote, na jibu likakukuta siku ya 50. Jibu lenyewe litasema: kata rufaa.

Hilo nimeliona kwa macho yangu. Mwaka 1996 kituo nilichokuwepo kilikaguliwa na Jaji Mfawidhi wa kanda. Tulipaka chokaa, tukapanga majalada, kila moja na uzi wake. Jaji alipotoka kwa hakimu akakuta mama mtu mzima amekaa kwenye benchi tangu alfajiri, kanga mbili, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni. Juu ya bahasha imeandikwa "Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu". Alikuwa ameshindwa kesi ya mirathi ya mumewe, kama bibi yako. Jaji aliisoma ile barua amesimama, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mwisho. Kisha akaikunja na kumrudishia kwa mikono miwili. Akamwambia kwa upole kwamba yale yaliyomo hawezi kuyagusa akiwa ukaguzini, na hata Jaji Mkuu mwenyewe hawezi kuyagusa kwa njia ya barua, yanaguswa yakiletwa kwa rufaa.

Yule mama akaanza kulia. Jaji akanigeukia: huyu aliomba nakala ya hukumu lini? Nikafungua rejista, mikono inatetemeka. Miezi miwili na siku kadhaa. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba hatapanda gari mpaka mama awe na nakala yake mkononi. Mchapaji akakaa kwenye mashine, mimi nikawa namsomea mwandiko wa hakimu, na baada ya saa moja na nusu muhuri ukagongwa.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi ya Jaji Mkuu, na yule jaji siku ile alikuwa amekuja kwa niaba yake. Mahakama kama ofisi ni yake: majalada, rejista, watumishi, kanuni, muda. Yeye ndiye mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Mahakama. Waraka wake ukibandikwa ubaoni, kituo kizima kinatetemeka. Tuliwahi kuletewa agizo kwamba shauri katika Mahakama ya Mwanzo lisizidi miezi 6, tukakesha kuhesabu majalada yaliyovuka. Lakini uamuzi ulio ndani ya jalada ni wa hakimu aliyesikiliza mashahidi, na unabadilishwa na mahakama ya juu yake tu, pande zote mbili zikiwa zimeitwa. Katiba yetu ibara ya 107B, iliyoingizwa mwaka 2000, inasema mahakama zote katika kutoa haki ziko huru na zinafuata Katiba na sheria. Zote. Ya Mwanzo imo.

Fikiria pia upande wa pili, mwanangu. Kama Jaji Mkuu angeweza kufuta hukumu kwa simu, baba mdogo naye angeandika barua. Na mwenye pesa angemtafuta anayeweza kufikisha barua yake kwanza.

Sasa utaniuliza, kumbe Jaji Mkuu hana neno kwa mnyonge wa Mahakama ya Mwanzo? Analo, na ni zito, ila linapita mlango mwingine. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ilianzia chini kabisa, Mahakama ya Mwanzo, ikapanda ngazi moja moja mpaka juu. Bi Hawa alikuwa mama wa nyumbani aliyeachika, akadai sehemu ya mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Zamani ukisema "nilipika, nilifua, nililea", mahakimu wengi walijibu kwamba huo ni wajibu wa mke, si mchango. Jaji Mkuu Francis Nyalali, akiwa na Majaji Makame na Kisanga, akaandika kwamba kazi za nyumbani ni mchango chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, maana mahakama iliona mumewe alishampa fedha za biashara naye akazitapanya. Roho inauma nikifikiria hilo. Lakini maneno yale yamewabeba wanawake ambao hawajawahi kusikia jina lake. Hakimu wangu mmoja alikuwa na nakala ya hukumu ile kwenye droo, imechakaa kwenye mikunjo, na kila shauri la talaka alikuwa anaitoa. Hakupigiwa simu na mtu. Alikuwa anafungwa na hukumu ya mahakama ya juu, kama sheria inavyotaka.

Kwa hiyo usitume zile kurasa nne. Andika barua fupi kwa Hakimu Mfawidhi wa Mahakama ya Wilaya, nusu ukurasa inatosha: namba ya shauri, tarehe ya hukumu, tarehe tatu ulizokwenda kuomba nakala. Usiweke lawama, weka tarehe. Na usisubiri nakala ndipo uanze rufaa. Kanuni za rufaa zinazotoka Mahakama ya Mwanzo hazikulazimishi kuambatanisha nakala ya hukumu. Hilo wananchi wengi hawalijui, na yule mama wa 1996 hakulijua. Hata mimi wakati ule sikulijua. Nakala aliipata, lakini siku 30 zilikuwa zimeshapita, ikabidi aanze kwa kuomba kuongezewa muda.

Mjukuu wa Pili:

Shikamoo mzee. Sina la kusema ila asante. Nimemsomea bibi jibu lako lote. Nilipofika pale pa Bi Hawa ameniambia nirudie.

Kesho asubuhi nakwenda wilayani.

Kipanga77:

Mzee, heshima yako, na kuhusu siku 30 nakubali nimekosea. Lakini mimi nina swali. Jaji Mkuu anateuliwa na Rais. Bungeni hapigiwi kura, hakuna usaili tunaouona. Mwaka 2017 tulikaa na Kaimu Jaji Mkuu tangu Januari mpaka Septemba. Sasa huo uhuru unaousema uko wapi? Aliyekupa kiti si anaweza kukupigia simu?

Wakili_Pwani:

Niko Mombasa, nichangie kidogo upande wa Kenya. Huku tangu Katiba ya 2010 Rais hateui Jaji Mkuu kwa hiari yake. Tume ya Huduma ya Mahakama inatangaza nafasi, inawahoji waombaji hadharani, inapendekeza jina, kisha Bunge la Kitaifa linaidhinisha ndipo Rais anateua. Mwaka 2011 tuliketi mbele ya runinga tukimtazama Willy Mutunga, ambaye hakuwa amewahi kuwa jaji, akiulizwa hata kuhusu hereni yake. Na Jaji Mkuu hawezi kukaa zaidi ya miaka 10. Kwa sasa ni Martha Koome, mwanamke wa kwanza, tangu 2021.

Ila yule mzee amesema jambo la kweli hata kwetu. Watu husema David Maraga alifuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017. Si yeye. Walikuwa majaji sita siku ile, wa saba alikuwa mgonjwa. Wanne walikubali, wawili, Ojwang' na Njoki Ndung'u, wakapinga na wakaandika kwa nini. Kura ya Maraga ilihesabiwa kama ya mwingine yeyote. Wenzake wawili wangehamia upande wa pili, Jaji Mkuu angekuwa mchache katika mahakama yake mwenyewe.

Karani Mstaafu:

Wakili_Pwani, ahsante. Hata kwetu ni hivyo. Mahakama ya Rufani inakaa majaji wasiopungua watatu, na uamuzi ni wa walio wengi. Jaji Mkuu anaongoza jopo, lakini kura yake ni moja.

Kipanga77, swali lako ni la haki na silikwepi. Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Tulipopata uhuru 1961 Jaji Mkuu alikuwa Mwingereza, Sir Ralph Windham, na aliendelea mpaka 1965. Mwalimu Nyerere hakuwa na wanasheria wengi wa kuchagua, akamleta Telford Georges, mtu mweusi kutoka visiwa vya Karibi. Mwaka 1971 ndipo akaingia Mtanzania wa kwanza, Augustine Saidi. Wakati huo rufaa ya mwisho haikuwa yetu wenyewe, ilikuwa ni Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika 1977, na 1979 tukaanzisha Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Ndiyo maana leo Jaji Mkuu anakaa Rufani, na Mahakama Kuu inaongozwa na Jaji Kiongozi. Vijana wengi wanachanganya hapo.

Mtu wa kiti kile wakati wa mabadiliko hayo yote alikuwa Nyalali. Alikipokea 1977 akiwa na miaka 42, akakiachia 2000, miaka 65 ilipotimia kama Katiba inavyotaka. Miaka 23. Aliteuliwa na Rais wakati wa chama kimoja, kabla hata Haki za Binadamu hazijaingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984. Kwa hesabu yako, Kipanga, huyu ndiye angekuwa mtu wa kupokea simu kuliko wote. Mwaka 1991 Rais Mwinyi akamweka kuongoza tume ya kuuliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Karibu asilimia 80 walisema tubaki na kimoja. Ilikuwa rahisi sana kuandika hivyo na kwenda zake nyumbani. Tume yake ikapendekeza vyama vingi, ikataja na sheria 40 za kukandamiza. Tulikuwa tunasikiliza redio masjala, hakimu akasimamisha kazi tusikie. Na ni Nyalali huyohuyo aliyekuwa ameandika uamuzi wa kesi ya Daudi Pete, uliokiondoa kifungu kilichowanyima dhamana washtakiwa kwa mkupuo bila hakimu kuwa na la kusema.

Simaanishi kwamba utaratibu wa kuteua unatosha. Mimi binafsi ningependa tuwe na usaili wa wazi kama wenzetu wa Kenya, na nilisema hivyo hata nikiwa kazini, pale tulipoweza kusema. Nchi isitegemee bahati ya kupata mtu mwenye msimamo. Ile miezi ya ukaimu ya 2017 iliniuma pia. Mtu akikaimu anakuwa kama mpangaji, hata akiamua sawa watu wanatia shaka, na mahakama inaishi kwa kuaminiwa.

Lakini kuna jambo ambalo sisi wa Kanda ya Ziwa wa umri wangu hatusahau, kwa kuwa lilitokea ng'ambo tu ya ziwa. Tarehe 21 Septemba 1972, watu wa Idi Amin waliingia Mahakama Kuu ya Kampala wakamtoa Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka ofisini kwake mchana kweupe. Siku chache kabla alikuwa ameamuru Mwingereza mmoja aliyekuwa kizuizini aachiwe, maana hakuona sheria iliyomfunga. Hakurudi tena. Nilikuwa mtoto wa shule, baba yangu alizima redio akakaa kimya mpaka chakula kikapoa. Huyo naye kiti alipewa na Amin mwenyewe mwaka mmoja kabla. Kwa hiyo ukiniuliza aliyekupa kiti anaweza kukupigia simu, nakujibu ndiyo, anaweza hata kutuma bunduki. Utaratibu mzuri unapunguza simu. Kinachobaki kipo kwa mtu mwenyewe.

Bint Unguja:

Samahani naingilia. Mzee, huku kwetu Zanzibar tuna Jaji Mkuu wetu. Sasa kati yao nani mkubwa?

Karani Mstaafu:

Mwanangu, hao ni wakuu wa nyumba mbili. Mahakama Kuu ya Zanzibar si jambo la Muungano, ina Jaji Mkuu wake na Katiba yake ya 1984. Wa bara hamwamrishi wa Zanzibar. Wanakutana kwenye Mahakama ya Rufani, ambayo ni ya Muungano na inasikiliza rufaa za kutoka kwenu pia, isipokuwa mambo yaliyoanzia kwa Kadhi na tafsiri ya Katiba ya Zanzibar. Hayo yanaishia kwenu. Marehemu Augustino Ramadhani aliwahi kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, na miaka mingi baadaye, 2007, akawa Jaji Mkuu wa Tanzania.

Mjukuu wa Pili:

Shikamoo tena mzee. Naleta mrejesho.

Barua ya nusu ukurasa niliipeleka wilayani Jumanne. Karani wa pale aliisoma, akaniuliza nani kanifundisha kuandika tarehe tu bila maneno. Jana saa nane mchana nimepigiwa simu nikachukue nakala. Kurasa saba, muhuri kila ukurasa. Nimeisoma usiku kucha. Hakimu ameandika kwamba bibi hakuleta ushahidi kwamba alichangia kujenga, kwa sababu hakuwa na kazi. Bibi aliposikia hilo alinyamaza, halafu akasema yeye ndiye alikuwa anabeba maji ya kufyatulia matofali, na mimba ya shangazi tumboni.

Mzee, leo ni siku ya 22. Sababu za rufaa naziandikaje? Wakili hatuna pesa.

Karani Mstaafu:

Marahaba. Andika kwa Kiswahili. Kila sababu ipewe namba yake, 1, 2, 3, usichanganye mbili katika moja. Mwishoni bibi mwenyewe asaini au aweke dole gumba.

Usimtukane baba mdogo wala hakimu, hata neno moja. Onyesha tu hakimu alipokosea. Sababu ya kwanza iwe hiyo ya "hakuwa na kazi". Taja kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983, na useme wazi kwamba ile ilikuwa ya talaka na hii ni ya mirathi, ila hoja ya mchango wa mke ni ileile. Usiifiche tofauti hiyo, maana upande wa pili wataisema. Tena, kama bibi aliyasema hayo ya maji na matofali alipotoa ushahidi, yatafute kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani, siyo kwenye hukumu, na utaje ukurasa. Mwenendo uombe kesho, kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Shangazi zako kutopata kitu ni sababu ya peke yake. Iandike ya pili.

Peleka kabla ya siku ya 28. Siku ya 30 isikukute kwenye foleni. Na bibi aende nawe, akae pale benchi amwone karani akigonga muhuri.